Manowari Tisa za Ziwa Kivu

Jumanne ya pili ya Februari 1998, saa mbili na robo asubuhi, Mbonigaba alikuwa mtu wa sita kwenye foleni ya ofisi ya mambo ya ziwa, mjini Gisenyi. Alivaa koti lake la kahawia, lile la kanisani, na mkononi alishika bahasha yenye barua ile ile aliyoileta Jumanne kumi na moja zilizotangulia. Barua iliomba mtumbwi mmoja, kwa siku moja, wa kwenda kisiwa cha Idjwi na kurudi.

Kisiwani alikuwako binti yake, Mutoni. Mwaka 1996, vita vilipowarudisha watu nyumbani kutoka Zaire, wengi walirudi kwa miguu kupitia Goma. Mutoni, aliyekuwa mjane na mjamzito, alikimbilia upande wa ziwa akaishia Idjwi. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na huko mguu wake wa kushoto ulipata kidonda ambacho kilikataa kupona. Kwa mtumbwi wa injini angefika hospitali ya Gisenyi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa mchangani kwa amri ya usalama, na nyasi zilishaanza kuota ndani yake. Njia ya kuvukia Bukavu kisha kufuata barabara ilihitaji siku nne, vituo kumi na vinne vya ukaguzi na miguu miwili mizima, na Mutoni alikuwa na mmoja.

Afisa wa ofisi ile aliitwa Valentin. Alizaliwa uhamishoni Tanzania na alirudi na Kiswahili kilichonyooka mno, hata wazee waliona haya kufungua kinywa mbele yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mbonigaba, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Valentin, akaisoma barua yote kana kwamba hajawahi kuiona. "Nasikitika. Vyombo vya raia haviruhusiwi majini. Amri inaruhusu manowari tu."

"Manowari ziko wapi, chef?"

"Hatuna."

"Donc, basi hakuna mutu anapita."

"Zingekuwepo zingepita, mzee. Amri iko wazi kabisa."

Mbonigaba alirudi nyumbani kwake Nengo akiyatafakari maneno hayo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mchora ramani za mashua katika karakana ambayo sasa ilikuwa imefungwa, na alijua jambo moja ambalo Valentin hakulijua. Meli haianzi na meli. Kwanza unajenga mahali pa kuijengea, na kabla ya hapo unatafuta chuma, na kabla ya chuma unatafuta sababu. Jeshi la majini linakula miaka ishirini. Mtu anayelitaka mwaka 1998 ilimpasa awe ameanza mapema.

Alimweleza hivyo mkewe, Languida, aliyekuwa akichambua maharage. Languida alikulia Goma, kwa hiyo nyumba ile ilipendana na kugombana kwa Kiswahili.

"Tunapaswa kuanza mu mwaka 1919," alisema Mbonigaba. "Vita ya kwanza inaisha, ya pili haijafika. Hapo katikati iko nafasi."

"Bon, anza basi," alisema Languida. "Lakini usichafue meza. Nitakatia viazi hapo."

Akaanza. Alitumia daftari la shule, rula ya mbao na kalamu ya wino, kwa sababu mipango ya serikali haiandikwi kwa kalamu ya risasi. Manowari bila adui hazijengwi, kwa hiyo aliandika kwamba Wajerumani walisikika wakitaka kurudi, na Wabelgiji wakaogopa. Mwaka 1920 alichimba mahali pa kujengea, pale pwani ambapo wanawake hufua nguo. Mwaka 1921 aliagiza chuma. Mwaka 1923 alishusha majini manowari tatu ndogo. Alizipanga tatu tatu na kuziunganisha kwa miti mirefu ya mikaratusi, kama mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kuona chombo cha Kivu kikienda kazini peke yake. Majina hakuwa nayo, akatumia ya ng'ombe wa baba yake kule Mudende: Gitare, Bihogo na Gaju.

Asubuhi iliyofuata zilikuwa pale. Wanawake waliokwenda kufua walihamisha mabeseni yao hatua hamsini upande wa kusini. Lakini zilikuwa manowari za mwaka 1923 na sasa ilikuwa 1998, na chuma nacho huzeeka. Gitare ilikuwa imezama hadi mabegani, Gaju ilikuwa na mti wa mpera juu ya mzinga, na Bihogo ilikuwa imeuzwa zamani ikawa ghala la vitunguu.

"Ni za zamani sana," alisema Languida.

"Nitajenga zingine."

Akafungua ukurasa wa 1928. Mara hii manowari zilikuwa kubwa zaidi, zikala chuma kingi zaidi, na chuma hicho kilipaswa kufika. Mbonigaba hakupenda kazi ya kubahatisha. Alikishusha kutoka treni huko Kigoma, akakivusha ziwa Tanganyika hadi Uvira, kisha akafika kwenye milima ya Ruzizi ambako meli haipiti na barabara haikuwapo. Alikaa muda mrefu mbele ya sehemu hiyo ya karatasi. Mwishowe aliandika: wapagazi elfu nne, kwa zamu. Hapakuwa na namna nyingine, na aliona ni neno tu.

Manowari tatu za 1931 zilionekana Jumamosi. Siku iyo hiyo wazee wa kijiji cha Nyakiriba waliamka wakiwa na bega la kulia lililoshuka chini ya la kushoto, na juu ya bega hilo alama ya ukingo wa bamba la chuma, iliyopona zamani. Mzee Bizumuremyi, baba yake Languida, mwenye umri wa miaka themanini na minane, aliletwa Nengo kwa baiskeli. Alikaa kwenye kiti akakumbuka wenzake kumi na tisa waliobaki njiani, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Aliwakumbuka hadi jioni.

Languida alimnywesha uji babake, kisha akaingia chumbani kwa mumewe.

"We uliandika papa yangu," alisema.

"Niliandika wapagazi. Sikuandika jina."

"Alikuwa mutoto wa miaka makumi mbili. We ulifikiri wapagazi wanatoka wapi?"

Mbonigaba aliona aibu, aibu ya kweli. Lakini siku tatu kabla ya hapo ujumbe ulikuwa umefika kwa kuzungukia Bukavu: kidonda cha Mutoni kimefika kwenye goti. Na manowari za 1931 zilichemsha maji kwa kuni, na boila zake zilikuwa zimepasuka. Languida alisimama mlangoni kwa muda, akalitazama daftari, akalitazama koti la kanisani kwenye msumari. Halafu akaondoa maganda ya viazi mezani ili mumewe apate nafasi.

Mwaka 1935 Mbonigaba aliandika wapagazi elfu tisa. Mwaka 1938 alishusha majini manowari tatu za mwisho, zenye injini za mafuta, imara, za kudumu. Aliziwekea pia mabaharia, vyeo, sare na kanuni za meli, kwa mpangilio wa vifungu, kama inavyotakiwa. Mnamo Septemba 1939 vita vya pili vilianza na ofisi ya ujenzi ikafungwa. Hapo daftari liliisha.

Manowari za 1938 zilikuwa nzuri. Hata wenye wivu walikubali. Byiringiro, mvuvi jirani ambaye mtumbwi wake ulikuwa unaota nyasi, aliamka akakuta sare nyeupe ukutani na picha ya babu yake akiwa amevaa sare kama hiyo, akaenda kazini. Wazee wa Mudende sasa nao walitembea wakiwa wameinamia kulia. Kanisani ilibidi benchi za nyuma zipangwe upya, kwa sababu walikuwa wanaegemeana.

Jumanne Valentin alilisoma daftari lote bila haraka. Kisha akatoa kabatini nakala ya ofisi, iliyopigwa mihuri mwaka 1939, karatasi zake zikiwa njano na pembe zimeliwa na mende. Zilifanana neno kwa neno.

"Kila kitu kiko sawa, mzee," alisema. "Manowari zinaruhusiwa. Zitakwenda Idjwi kila Alhamisi."

Mbonigaba alilia pale pale ofisini, na Valentin akampa kiti.

Alhamisi alifika gatini saa kumi na mbili asubuhi na blanketi, machela aliyoazima, na chupa ya chai. Byiringiro alisimama juu ya ngazi ya meli. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Papa, samahani. Siwezi kukuacha upande meli."

"Byiringiro, ni mimi."

"Najua ni we, papa. Soma kibao."

Kibao kilikuwa cha shaba, kimepigiliwa hapo tangu mwaka 1938. Kilisema: Kifungu cha kumi na nne. Raia haruhusiwi kupanda chombo hiki.

Mbonigaba alikisoma mara mbili. Alikumbuka siku alipokiandika. Ilikuwa saa tano asubuhi, mvua ilinyesha, na alikuwa akifikiria ukubwa wa rafadha za kusukuma meli. Aliandika kifungu cha kumi na tatu juu ya usafi wa jiko, kisha mkono ukaendelea wenyewe hadi cha kumi na nne. Tangu azaliwe hakuwahi kusoma karatasi ya serikali kuhusu maji isiyokuwa na mstari huo. Chini ya Wabelgiji ulikuwapo, baada yao ukabaki, na kila aliyekuja aliukuta akaunakili. Alikuwa amepewa miaka ishirini mizima aipange apendavyo, peke yake, mezani kwake, na bado aliuandika.

Alirudi nyumbani akaukata mstari ule kwa wino. Kibao hakikubadilika. Aliuchana ukurasa, akauchoma jikoni. Nakala ya ofisi ilibaki kabatini na mihuri yake. Alijaribu kuandika marekebisho, lakini yalihitaji ofisi ya ujenzi iliyo wazi, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita.

"Ungeanza tena mapema," alisema Valentin kwa huruma ya kweli, "lakini miaka hiyo imeshatumika."

Basi kila Alhamisi manowari tatu zilizofungwa kwa mikaratusi ziliondoka Gisenyi saa moja, zikafika Idjwi, zikapiga honi, zikarudi tupu. Byiringiro alileta habari.

"Nilimuona Mutoni. Anakaa kwa gati na mutoto. Nilitaka kumubeba, papa, haki ya Mungu. Lakini wakubwa wanahesabu watu."

Alhamisi iliyofuata: "Leo amelala chini. Mutoto anasimama peke yake sasa. Anashika kamba za meli."

Alhamisi nyingine: "Ameniomba nimusomee kibao. Nikamusomea. Ameniuliza kama kinasema raia tu. Nikamwambia, raia tu."

Mbonigaba hakuelewa swali hilo. Languida alilielewa, akaenda kulala mchana akiwa amejifunika kitenge usoni.

Mutoni alifariki Jumatano, ili awahi safari ya kesho yake. Alhamisi alasiri manowari zilipofunga kamba, alishuka kwenye ngazi taratibu, miguu yote miwili ikiwa mizima, amevaa kitenge cha kijani. Byiringiro alikuwa amemwandikia kibali cha mzigo. Valentin, aliyefika gatini mwenyewe, alikisoma, akafungua kanuni, akathibitisha kwamba maiti si raia, akagonga muhuri. Akampa Mutoni pole kwa safari.

Walitembea hadi Nengo kwa miguu. Majirani waliwasalimu. Languida alimkumbatia mwanawe mlangoni kwa muda mrefu, akamhisi baridi, akamletea sweta ingawa alijua haitasaidia. Aliweka sahani tatu. Mutoni hakula, lakini alikaa mezani, akachukua ungo wa maharage na kuanza kuchambua kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Mutoto iko wapi?" aliuliza Languida.

"Amebaki. Iko muzima, mama. Anakula vizuri. Nimemwacha kwa mama mumoja anaitwa Cansilde, anauza mihogo kwa gati."

"Hawakumukubali?"

"Byiringiro aliwaomba. Walisema mutoto ni raia."

Mbonigaba alitazama mikono ya binti yake ikitenga vijiwe na maharage. Alitaka kusema juu ya boila, juu ya chuma, juu ya mwaka 1939 na ofisi iliyofungwa.

"Mutoni," alisema mwishowe. "Ile kifungu. Ni mimi niliiandika."

"Najua, papa," alisema Mutoni bila kuinua macho. "Nilikaa pale Alhamisi sita nikikitazama kile kibao. Ni mwandiko wako."