Mikono Chini ya Mapaja

Ukumbi wa mji wa Lubbock, Texas, ulikuwa umejaa pambo la kumetameta. Lilitoka kwenye nywele za wasichana, mabegani, kwenye kope, likaelea katika mwanga wa taa kana kwamba halitaki kutua. Nilikuwa kwenye meza ya majaji, kiti cha pembeni, nyuma kidogo ya Bi Verna Stuckey, na kwa kitambo nilisahau kwamba nimekuja kupimwa.

Nilikuwa najifunza ujaji wa makato katika mashindano ya ushangiliaji, ambako wasichana huruka na kujenga minara ya watu, wabebaji chini na mmoja juu. Majaji wengine hutoa: huyu alama za ugumu, yule za usafi wa miruko, mwingine za tabasamu na mpangilio. Jaji wa makato hatoi kitu, anapunguza tu. Mkono ukigusa mkeka wakati wa kutua, kato dogo. Msichana wa juu akiporomoka wabebaji wakamdaka, kato dogo pia. Lakini yeyote wa mnara akifika sakafuni, awe wa juu au mbebaji, hilo ni kato kubwa. Timu isiyokatwa chochote huandikiwa sifuri, na kwetu sifuri ni kilio cha furaha. Kina mama huichora mashavuni.

Haya yote niliyasoma jioni, msimu mzima wa baridi, kwenye kompyuta ya jikoni, binti yangu Tess akininyonya. Siku hiyo karatasi zangu zingelinganishwa na za Bi Verna. Zikilingana, napata beji na kuitwa msimu ujao. Zisipolingana, nabaki yule dada aliyekuwa mbebaji zamani, kabla ya mimba.

"Unaota, binti?" Bi Verna aliniuliza bila kugeuka.

"Hapana, Bi Verna."

"Basi funga mdomo. Utameza pambo."

Wasichana wa timu ya Hollis Creek walipanda mkekani. Muziki ukalia, na mezani midomo yote ikaanza kucheza kimyakimya, moja mpaka nane, kisha moja tena, kama watu wanaosali dini moja. Nami nilihesabu. Mkeka wa buluu ukawa ziwa, na wale watoto walikuwa wakitua juu yake bila kulilowesha.

Msichana wa juu, mwenye utepe mkubwa mwekundu, alisimama kwa mguu mmoja kwenye viganja vya wenzake, ule mwingine ameunyoosha hadi sikioni. Halafu kifundo kikatetemeka. Mtetemeko ule naujua. Nimeubeba viganjani tangu nikiwa darasa la tano.

Mikono yangu ikaruka yenyewe. Yote miwili, juu, viganja wazi, na macho yangu yakamganda usoni, maana mbebaji hufundishwa hivyo: usimwondolee macho aliye juu yako mpaka umemdaka. Kalamu ilipaa, ikatua ndani ya kahawa ya jaji mkuu.

Wenzake walimdaka chini kabisa. Je, mguu wake uligusa mkeka? Ukumbi mzima uliguna, mimi nikabaki nimekumbatia hewa. Nilikuwa nimeona uso tu, na utepe.

Bega la Bi Verna lilisogea akiandika. Ningenyoosha shingo kidogo tu ningeona. Au ningebahatisha, dogo au kubwa, moja lazima liwe sawa. Niliazima kalamu, nikaandika: *Sikuona.*

Wakati wa mapumziko Bi Verna aliisoma karatasi yangu akiwa ameshusha miwani hadi ncha ya pua.

"Hiki nini?"

"Sikuona, Bi Verna. Nilikuwa nadaka."

"Ulikuwa unadaka." Alimtazama jaji mkuu, aliyekuwa anafuta kahawa kwenye tai. "Kutoka mezani."

"Ndiyo, Bi Verna."

"Na ulimpata?"

Nilicheka, machozi yakinilenga. Yeye hakucheka. "Pengo moja nalivumilia, kwa sababu hukunidanganya. La pili sitalivumilia. Hawa watoto wamefanya mazoezi mwaka mzima. Wanastahili mtu wa kuwaona. Umenisikia?"

Nje, shangazi yangu Rhonda alikuwa amempakata Tess kwenye gari, mlango wazi, bakuli la chipsi za mahindi na pilipili likiwa juu ya dashibodi.

"Eti umempiga jaji mkuu kwa kalamu?"

"Shangazi! Nani kakwambia?"

"Foleni ya choo cha wanawake yote inajua. Haya, nyonyesha, maziwa yatakuharibia shati la ujaji."

Tess alinyonya huku akiusukuma mlango kwa kisigino. Niliutazama mguu ule kwa muda mrefu, jinsi unavyogusa na kuachia, unagusa na kuachia.

Mchana niliikalia mikono yangu. Niliiingiza chini ya mapaja, kalamu nikaiuma menoni, nikateremsha macho hadi chini. Timu zilipita kama mvua. Sikuona tena nyuso, ila viatu vyeupe na vivuli vyao.

Timu ya mwisho ilikuwa ndogo, ya Sandy Fork. Aliyelinda mnara kwa nyuma alikuwa msichana mnene mwenye misuko miwili, mwili niliokuwa nao mimi. Mnara ulipoinama, mikono yangu ilipapatika chini yangu kama njiwa ndani ya kikapu. Sikuiachia. Nikaona vidole vya miguu vya yule wa juu vikishuka polepole, kama ndotoni, vikakaribia buluu, vikasimama. Havikugusa. Mwenye misuko alikuwa amemzungushia kiuno mikono yote. Ukumbi ukashangilia: amedakwa!

Ila goti la kushoto la mwenye misuko lilikuwa limetua mkekani. Liligusa, likaondoka kabla shangwe haijafika kilele.

Goti lile ndilo lililomwokoa mwenzake. Alilitoa kwa hiari, najua, kwa sababu hata mimi ningelitoa. Nilichukua kalamu, nikaandika kato kubwa, herufi zikicheza mbele ya macho yangu.

Bi Verna alisukuma karatasi yake kando ya yangu. Kato kubwa. Goti la kushoto, mlinzi wa nyuma.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma sana, Bi Verna."

"Siku isipouma, rudisha hii." Akaniwekea beji mbele yangu, akaanza kukusanya vitu vyake.

Mkekani, mwenye misuko alikuwa bado amemkumbatia yule wa juu, wanacheka. Walikuwa hawajajua. Au labda mmoja alijua, maana alilisugua goti lake, akalipangusa pambo.

Nilitoka kwenye upepo wa maegesho. Shangazi Rhonda alinipa Tess, nami nikampandisha juu kabisa, mikono imenyooka, anga la Texas nyuma yake. Alipiga mateke hewani. Sikuitazama miguu yake. Niliutazama uso.