Namba ya Kuthibitisha

Mayala alikuwa ameketi juu ya gunia lililoshindiliwa majani makavu, jiwe kati ya miguu, nyundo mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto alivifunga vipande vya tyubu ya baiskeli. Bila hivyo, nyundo ikiteleza, ukucha unakwenda. Lori la mnunuzi lilikuwa halijapanda kilima cha Buhongwa kwa wiki tatu, na lundo la kokoto nyuma yake lilikuwa limeanza kuota majani pembeni.

Alimwona Kija kwa mbali, akaacha kugonga. Mtoto mwenye habari njema hapandi kilima polepole namna ile.

"Baba, nimethibitishwa chuo."

"Udaktari?"

"Hapana. Ugavi. Kiseke."

"Nani amekuthibitisha?"

"Na mimi nauliza hivyohivyo. Jina langu nimelikuta kwenye orodha yao."

Kija alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alitaka kitu kimoja tu tangu akiwa mdogo: udaktari, katika chuo cha serikali. Mwezi wa saba baba na mtoto walikwenda pamoja kwa Jonathan, mwenye duka la steshenari kando ya barabara ya Shinyanga, kwa sababu maombi ya chuo hujazwa kwenye mtandao. Jonathan alijaza chuo cha serikali, kisha akaongeza chuo cha binafsi cha Kiseke. "Cha akiba, mzee wangu. Hakuna anayepanda punje moja shimoni." Halafu akaomba namba ya simu.

Hapo Mayala alikunja uso. Simu ya nyumba nzima ilikuwa moja, nayo ilikaa mfukoni mwake. Mwaka juzi mtu mwenye sauti ya upole alimpigia akijiita ofisa wa kampuni ya simu, akamwomba amsomee tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe. Mayala alizisoma moja moja, kwa adabu, kama alivyofundishwa shuleni. Hela ya ndama ikaondoka kabla hajamaliza kushukuru. Tangu siku hiyo namba yake haikuandikwa kwenye karatasi ya mtu, hata ya kanisa.

"Namba ya nini?" alimuuliza Jonathan. "Mwanangu anaomba chuo au anaomba simu?"

Kija alimvuta baba yake shati.

"Basi naweka yangu," Jonathan alisema akicheka. "Ujumbe ukija, nitamwita binti."

Mayala alirudi nyumbani siku ile akiwa na hakika kwamba ameilinda nyumba yake.

Sasa walishuka kilima. Karibu na barabara Mayala alisimama.

"Niambie kweli. Kiseke kuna mvulana?"

Kija alimgeukia. "Baba, namba ulikataa wewe."

Mayala alitangulia mbele.

Dukani kulikuwa na kompyuta tatu mpya, kila moja imebandikwa nembo ya chuo cha Kiseke. Mwezi wa saba ilikuwapo moja, tena mbovu, ikipigwa kofi ndipo inawaka. Jonathan alikuwa akiongea kwenye simu. Aliiweka chini.

"Shikamoo, mzee wangu."

Mayala hakuitikia. Salamu ilibaki hewani, na mteja mmoja akajifanya anasoma bei za daftari.

"Mwanangu alichaguliwa wapi?"

"Vyuo vyote viwili. Huyu ana kichwa, mzee. Sasa mtu akichaguliwa viwili, anatumiwa namba ya siri kwenye simu. Anaiingiza kwenye chuo anachokitaka, basi, amethibitisha."

"Kwenye simu ya nani?"

"Iliyoandikwa."

"Ulimwita?"

"Nilimwagiza mtu wa bodaboda, hakumkuta. Na siku ya mwisho ilikuwa imefika. Ningeacha muda upite angekosa vyote. Hapo nimemsaidia."

"Siku ya mwisho ni kesho Ijumaa," Kija alisema. "Umeibandika hapo ukutani kwako."

Jonathan aliutazama ukuta kana kwamba ni wa jirani. "Hawa watu wanabadilishabadilisha. Lakini binti, ugavi nao ni kazi. Udaktari miaka mitano. Mzee wako atagonga mawe mpaka lini?"

"Hizi kompyuta umezitoa wapi?" Mayala aliuliza.

"Baraka tu za Mungu, mzee."

"Futa ulichofanya."

"Kufuta ni huko huko chuoni. Mimi ni mtu wa steshenari."

Saa nane mchana walikuwa Kiseke, mbele ya meza ya ofisa udahili, mama mmoja aliyeitwa Evelina. Aliwapa viti na maji ya chupa. Mayala hakuyagusa.

"Kubadili chuo ni haki ya mwanafunzi, mzazi," Evelina alisema. "Haki yake kabisa. Anaomba kufuta, mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu yake."

"Simu si yake. Ni ya Jonathan wa Buhongwa."

"Ah, Jonathan. Wakala wetu, kijana mchapakazi sana."

Kija aliinamisha kichwa. Mayala aliegemea meza.

"Basi mpigie huyo mchapakazi."

Evelina alipiga, akaweka sauti ya nje. Namba haikupatikana.

"Tumemwacha anaongea nayo," Kija alisema.

"Mtandao, mdogo wangu. Mnaweza kuandika barua ya kubadili namba. Kamati inakaa Jumatatu."

"Na kesho ndiyo mwisho," Mayala alisema.

"Ndiyo utaratibu, mzazi. Sijautunga mimi."

"Tuandike hivyo hivyo," Kija alisema. "Naomba karatasi."

"Nitaipokea. Ila barua inapokelewa kutoka kwa mwanafunzi mwenye faili, na faili linafunguliwa kwa picha. Pigeni picha hapo nje, ni bure."

Nje, kwenye baraza, foleni ya vijana ilijipanga ukutani. Mpiga picha alikuwa na turubai la bluu na kipande cha kadibodi ambacho kila mmoja alikishika kifuani kisha akampa wa nyuma yake. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: HILI NDILO CHAGUO LANGU.

"Hicho cha nini?" Mayala aliuliza.

"Cha tangazo, mzee. Picha ni hiyohiyo moja."

"Apigwe bila hicho."

"Bila hicho ofisini wanairudisha. Mnachelewesha wenzenu."

Wenzao hawakulalamika. Walitazama chini, wengi wao, na Mayala akaanza kuwahesabu, kisha akaacha.

Zamu ya Kija ilifika. Alisimama mbele ya turubai. Msichana aliyemtangulia alimpa kadibodi bila kumtazama usoni. Pande mbili, pale vidole vinaposhika, ilikuwa imelainika na kuingia weusi, na wino wa herufi za mwisho umeanza kufutika.

"Tabasamu kidogo, dada," mpiga picha alisema.

Kija aliweka vidole vyake palepale.