Kifungo cha Vichwa Viwili

Bibi Sindano aliapa kwamba mofini, ile dawa ya kutuliza maumivu makali, haitagusa ulimi wake, na Bibi Sindano akiapa, hata paka wa nyumbani alijua hakuna rufaa. Jina hilo alilipata kwa kazi yake ya kushona nguo, ingawa wapo wasemao ni kwa ajili ya mdomo wake. Sasa saratani ilikuwa imeingia kwenye mfupa wa nyonga, amelazwa wodini, na kila wakimgeuza anauma pembe ya taulo.

"Mama, kunywa tu," mwanawe mkubwa alimsihi. "Wenzako wote wanakunywa."

"Baba yako naye alikunywa. Maumivu yakaondoka, pumzi ikayasindikiza. Mpaka leo haijarudi."

Mwana akatoka kwenda kupunga hewa. Muuguzi, mama mmoja mwenye subira ya punda, akakiacha kikombe cha dawa mezani, kimefunikwa kwa sahani.

Hapo ndipo mjukuu alipoingia, binti anayefanya kazi kwenye maabara ya kutafiti dawa, ameikumbatia chupa ya chai kama mtu aliyebeba mayai. Huyu ndiye aliyekulia chini ya meza ya cherehani akichezea vifungo. Majuzi alikuwa amemweleza bibi yake kazi yao. Kwenye chembe za mwili, alisema, kuna vipokezi, kama matundu ya vifungo, na mofini hujifunga humo. Tabu ni kwamba matundu hayo yapo kwenye njia za maumivu, yapo tumboni, na yapo pale panapoendesha pumzi. Ndiyo maana mofini inatuliza, inafunga choo, na ikizidi inaua. Lakini kwenye njia za maumivu, vipokezi vya aina mbili hukaa viwili viwili, bega kwa bega. Wao wanatafuta dawa yenye vichwa viwili, ishike pale penye jozi tu.

"Kama kifungo cha mkono wa shati la bwana harusi," bibi alidakia. "Bila matundu mawili, kinadondoka."

"Hivyo hivyo. Ila bado tunajaribu kwa panya."

"Panya nimewatega maisha yangu yote, leo wamenipita kwenye foleni. Niletee."

Na kweli, leo mjukuu ameileta. Akafungua chupa ya chai. Ndani, juu ya barafu, kijichupa kidogo kuliko kidole gumba.

"Nimeiiba, Bibi," alinong'ona. "Na kipimo cha mtu sikijui. Hakuna anayekijua."

Nyonga ikamng'ata Bibi Sindano hadi machozi yakamtoka bila ruhusa yake. Alikitaka kijichupa kile. Alikitaka kuliko alivyowahi kumtaka marehemu mumewe.

"Nikifa?"

"Watasema dawa imeua. Kazi yote itafungwa."

"Nikipona?"

"Mtu mmoja si ushahidi. Nitakuwa mwizi tu."

Bibi akakitazama kwa muda mrefu, kisha akakisukuma kwa kidole.

"Kirudishe leo leo. Tangu nishike mkasi sijakata kitambaa kabla ya kupima. Siwezi kuanzia kwenye mwili wangu."

"Na maumivu je, Bibi?"

"Hayo hayajanijua vizuri." Akapaza sauti. "Muuguzi! Njoo na kikombe chako. Lakini kwa masharti yangu. Nianze kidogo, niinuliwe kwenye mito, na huyu mwanasayansi ahesabu pumzi zangu kwa sauti."

"Bibi, sisi ndivyo tunavyofanya siku zote," muuguzi alisema. "Tunaanza kidogo, tunaangalia pumzi."

"Basi mmeniiga."

Mwana akarudi, akamkuta mama yake ameshika kikombe.

"Usichekelee," Bibi Sindano alimwambia. "Nakunywa ili nisiondoke. Hiyo dawa ya vichwa viwili lazima inikute hapa, na nitaidai mbele ya panya wote. Baba yako asinitandikie kitanda."

Akanywa, akakunja uso, akaegemea. Kidogo kidogo mkono ukaliachia taulo. Mjukuu akaketi kando yake akihesabu kila kifua kilipopanda, moja, mbili, tatu. Macho yakamponyoka kuelekea kwenye ile chupa ya chai. Kifua kikapanda bila kuhesabiwa.

"Umeruka moja," Bibi Sindano alisema, macho yamefumbwa. "Anza upya."