Mjane wa Mume Aliye Hai

Mwaka 1958 Husseni alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na mkewe Mwanne alibaki Kitangari na magamba yake. Viwiko, magoti na shingo vilikuwa vyekundu, ngozi ikibanduka kama gome. Watu wakanong'ona ukoma. Mimi mtani wake nilikuwa nikimwita kenge, naye akicheka sana, maana wengine walishaacha kumtania. Walimkwepa tu.

Daktari wa misheni, kule chini Masasi, akampa vidonge vya manjano. "Vitatuliza ngozi," alisema, "ila nywele zaweza kupukutika."

Mwanne akavimeza. Alitaka jambo moja tu: Husseni akirudi msimu wa korosho, amkute na ngozi ya kushikika.

Magamba yakaisha, shingo ikawa laini. Nywele nazo zikaenda. Akawa hafungui kanga kichwani, hata akiwa jikoni.

Siku moja tulikuwa kisimani bondeni. Mwanne aliinama kujitwika mtungi, kanga ikateleza. Nyuma yake alisimama mkwewe, Mama Husseni, akakiona kichwa kitupu kinavyong'aa. Na kwetu mke hunyolewa hivyo mume akifa.

"Mwanangu! Mwanne, umepata habari ukanificha!"

Akatutangulia mbio akipiga mayowe; tulipofika juu, kijiji kizima kilikuwa kinalia.

"Jamani," nikasema, "msiba gani huu hauna maiti wala ubwabwa? Husseni yuko Tanga anachomwa na mkonge, nyie mnamzika!"

Wawili watatu wakacheka. Mwanne akaeleza habari ya vidonge, akavitoa na kuvionyesha. Mama Husseni akajifuta machozi, lakini uso haukulegea.

"Kumnyolea aliye hai ni kumwita kaburini. Vidonge, au nyumba ya mwanangu. Chagua."

"Mama, sikunyoa. Zimeanguka zenyewe."

"Mauti itajuaje, mwanangu?"

Hapo hata mimi utani uliniisha. Mwanne akanitilia vidonge mkononi.

"Katupe, mtani. Na leo usinichekeshe."

Husseni alirudi korosho zikianguka. Akazikuta nywele zimeota, nyeusi, nzito, na magamba yamepanda mpaka mashavuni. Akatandika mkeka wake barazani, akasema ndani kuna joto.

Siku hizi Mama Husseni mwenyewe humsuka Mwanne, kwa upole kabisa, vidole vikiikwepa shingo.