Nyeupe, Nzito, Bila Kiraka

Bwana Shashikant, mwalimu wa karate, hakuangalia ngumi ya mtu kabla ya kuangalia mshono wake. Vijana walijipanga mstari katika ukumbi ule wa Upanga, naye akapita mbele yao mikono nyuma, akishika kola ya huyu, akivuta pindo la yule, akiinama kutazama kama suruali imefika kwenye kifundo cha mguu. Mwenye doa anatoka. Mwenye kiraka anatoka. Mwenye kucha ndefu anakwenda kuzikata nje na anabaki hukohuko. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba ule ni wazimu. Mji mzima hauna sabuni, watu tunafulia majani ya mpapai, halafu mtu anadai weupe wa malaika ili akufundishe kupiga mateke.

Lakini mdogo wangu Wilbert alimsikiliza mwalimu yule kuliko alivyomsikiliza padri, na kwa hakika kuliko alivyonisikiliza mimi, niliyemleta Dar kutoka Kibosho na kumlisha. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mizuri. Hata mimi nisiyejua karate niliona kwamba akisogea, wenzake wote wanakuwa kama watu wanaotafuta viatu gizani.

Mwaka huo ulikuwa wa Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa shamba, kwa sababu mji haukutaka wazururaji. Wilbert hakuwa mzururaji, alikuwa mtu aliyekosa kazi, lakini lori halikuwa na nafasi mbili tofauti. Alishakamatwa mara moja pale Msimbazi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Zahoro, alikwenda kumwombea mpaka wakamwachia, kisha akaja dukani kwangu akiwa amevimba kwa aibu.

"Severa mwanangu," akaniambia, "wamenisema mbele za watu kama mtoto. Safari nyingine sina uso wa kwenda kusimama pale."

Watu huniuliza kwa nini sikumwandika dukani kwangu. Duka gani? Rafu zilikuwa na viberiti, vitunguu na kopo moja la dawa ya viatu. Afisa angeniuliza watu wawili wanalinda nini humo, panya?

Ndipo ikatokea nafasi. Kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu kilitaka mtu wa kuwafunza walinzi wake, na kilitaka awe na cheti cha mkanda mweusi. Maneno matupu hawakuyataka. Cheti hicho hakikutolewa na Bwana Shashikant. Kilitolewa na mtahini Mjapani ambaye angepita Dar kwa siku chache, na baada ya hapo hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: mtihani, cheti, kitambulisho. La sivyo, lori.

Sare ya Wilbert ilikuwa imerithiwa kutoka kwa mwanafunzi aliyehamia Ulaya. Ilikuwa na rangi ya majivu na viraka magotini. Bwana Shashikant alimwita pembeni nami nikiwapo.

"Mkono wako ni mzuri kuliko wote hapa," alimwambia. "Lakini mgeni akiona nguo hii, hatakuona wewe. Nyeupe, nzito, bila kiraka. Kama huna, usije. Usilitie darasa langu aibu."

Nilitamani kumuuliza hiyo nyeupe nzito inauzwa wapi, na kama anajua atuonyeshe, maana Kariakoo nzima tungemfuata. Drili nyeupe, kitambaa kizito cha sare, ilikuwa haionekani. Nilipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu jogoo la kwanza, kitambaa kilipofika kikawa cha pazia, kijani, chenye maua makubwa. Wilbert alikitazama, akasema, "Dada, nikivaa hiki si watanitundika dirishani?" Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza.

Aliyetuokoa, au niliyedhani ametuokoa, ni Madhuben, mjane wa Kihindi aliyekaa nyumba ya jirani na kuvaa nyeupe tangu mumewe alipofariki. Nilipomweleza shida yangu hakuniuliza maswali. Aliingia ndani akatoka na sari mbili za pamba, safi, zimekunjwa vizuri.

"Chukua, Severa. Mimi siku hizi siendi popote. Zinanikalia bure."

Fundi wa barazani alizikata na kushona kitambaa maradufu, kola akaipiga mishono mingi ili isimame. Sare ilikuwa nyeupe kweli, ila nyepesi. Wilbert aliirusha mkononi, uso ukamshuka. Sare nzuri, alinieleza, hupasua hewa. Ukitupa ngumi, mkono wa nguo unalia, na mtahini husikia kabla hajaona. Ile ya kwetu haikulia. Ilipepea tu.

Wazo la wanga lilikuwa lake. Na nani asiyetia nguo wanga Kariakoo? Mashati ya kwenda kanisani, gauni za ubatizo, hata vitambaa vya meza. Alichemsha wanga wa muhogo mpaka ukawa uji mzito, akaichovya sare, akaianika, akaichovya tena, kisha akaipiga pasi ya mkaa. Ilipokauka ilisimama yenyewe juu ya kigoda. Akaivaa pale uani, akatupa ngumi moja, nguo ikalia pa! Wapangaji wakatoka vyumbani. Akatupa nyingine, pa!, akaanza kucheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu alipokamatwa Msimbazi. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikamwona kabisa amesimama mbele ya walinzi wa kiwanda, wanamwita mwalimu.

Siku ya mtihani ilikuwa Desemba, joto la kukatisha tamaa, ukumbi umejaa wazazi na feni haizunguki. Bwana Shashikant alipita mstarini. Akafika kwa Wilbert, akashika pindo la mkono kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leo umekuwa mtu," akasema.

Sehemu ya kwanza kila mmoja alicheza peke yake, na zamu ya Wilbert ikafika. Nguo ililia kila mahali ilipotakiwa kulia. Mgeni, mzee mfupi asiyecheka, alikaa mbele kidogo kwenye kiti chake. Nikajua tumepata.

Kisha likaja pambano, na kwenye pambano mtu hutoka jasho.

Wanga ukirudi kwenye maji unarudi kuwa uji. Hilo kila mwanamke analijua, lakini nani huvaa gauni la ubatizo akapigane nalo? Kwanza niliona vitu vyeupe vikimtiririka viganjani. Halafu nguo ikamganda mwilini, ikawa haifichi kitu, kitovu kinaonekana, chupi ya buluu inaonekana, wasichana nyuma yangu wakaanza kucheka. Mkono wa nguo ukanatana na ubavu. Mwenzake akamtupia ngumi ya juu, Wilbert akainua mkono kukinga, mshono ukachanika kutoka kwapani mpaka kiunoni.

Mgeni aliinua mkono, pambano likasimama. Sheria yao ni kwamba nguo ikiharibika unageuka, unampa mtahini mgongo, unapiga magoti, unaitengeneza, na huinuki mpaka imekaa sawa. Wilbert alipiga magoti akitazama ukuta. Akavuta upande huu, ukachanika upande ule. Akavuta tena, taratibu, kama mtu anayemvua bandeji mgonjwa. Kipande kikabaki mkononi mwake.

"Mpeni nguo nyingine!" nilipiga kelele. Kijana mmoja aliyekwisha kupita akaanza kufungua mkanda wake ili amvulie. Bwana Shashikant akamwambia afunge.

"Kwenye mtihani watu hawaazimani nguo," akasema.

Nilisimama nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Hakunijibu kwa hasira.

"Dada Severa, wangapi nimewatoa nje kwa kiraka kidogo tu? Nao niwaambie nini?" Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumhurumia hata chembe.

Wilbert alibaki amepiga magoti. Mgeni alisubiri, akasubiri tena, mwisho akasema jambo kwa sauti ndogo, na mkalimani akatutangazia: mikono mizuri sana, aje safari nyingine.

Tulirudi kwa miguu. Wilbert alikuwa amevaa shati lake la kawaida. Pale Faya, karibu na kituo cha zimamoto, lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, na wanamgambo wanauliza vitambulisho. Walikuwa vijana wembamba. Angeweza kuwalaza chini wote na kuondoka zake, najua, na yeye alijua. Badala yake aliwanyooshea mikono, wanga umemkaukia viganjani, akapanda.

Nilikimbia mpaka kwa mzee Zahoro, nikamkuta anakula. Nilipiga magoti sakafuni kwake nikalia. Aliacha chakula, akanawa, akavaa kofia yake, tukarudi mpaka Faya, lori likiwa bado halijaondoka. Mzee yule, aliyeniambia hana uso, alisimama kwenye jua akiwaita watoto wale "wanangu", akiwabembeleza, huku wengine wakimcheka. Mkubwa wao mwishowe akachoka.

"Haya, ashuke. Kwa heshima yako tu, mzee."

"Wilbert!" niliita. "Umeachiwa, shuka!"

Alikuwa amekaa kwenye ubao, katikati ya wengine. Alinitazama bila hasira yoyote.

"Nishuke niende wapi, dada?"

Nilitaka kumwambia nyumbani. Nilitaka kumwambia kuna kazi nyingine, kuna mtihani mwingine. Lakini kazi haikuwapo, na mtihani haukuwapo. Mzee Zahoro alivua kofia yake, akaikunja, akakaa nayo mkononi.

Dereva aliwasha gari. Nikakanyaga tairi, nikamshika Wilbert shati kwa mikono yote miwili, nikamwambia simwachi. Akainama, akaanza kunifungua vidole kimoja kimoja, polepole, akijitahidi asiniumize.