Neno la Somoe Katika Sufuria ya Tet

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika Vietnam na mke wangu Somoe, sisi ambao hata Lindi hatujawahi kwenda pamoja. Tulisafiri ndani ya gunia la korosho. Sikuona ajabu. Mimi ni mnunuzi wa korosho hapa Newala, na korosho zetu nyingi huenda huko kubanguliwa, kwa nini nasi tusiende. Somoe alikaa upande wa pili wa gunia, amenipa mgongo, na mdomoni alikuwa na neno.

Nililijua neno lile. Amelibeba tangu msimu ulipoisha. Kila akiniambia, "Baba Asumini, kaa kwanza, nina neno," mimi nakumbuka mzigo ghalani, au msiba wa mtu nisiyemfahamu, natoka. Mwanamke akinyamaza miaka yote ya ndoa halafu akasema ana neno, hilo si la kukusifia. Sikuwa na haraka nalo.

Gunia likafunguliwa sebuleni kwa Bi Hanh, bibi mfupi mwenye mvi, aliyetupokea kwa Kimakonde kizuri kuliko changu. Akatueleza kuwa tumefika siku ya kwanza ya Tet, mwaka mpya wao, na kwamba siku hiyo ndiyo inayoupa mwaka sura. Ukicheka, utacheka mwaka mzima, na ukilia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kwa siku tatu hakuna kununa, hakuna kuvunja chombo, hakuna kufagia bahati ikatoka nje, na hakuna kutamka neno baya.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia huo ndio utaratibu wa watu waliostaarabika.

Bi Hanh alikuwa anamtazama Somoe.

"Wewe una kitu mdomoni," akamwambia.

"Ninacho, bibi. Ni cha huyu."

"Leo hakisemwi. Kiteme hapa."

Somoe akalitema neno kiganjani mwa Bi Hanh. Lilikuwa dogo, jeupe, kama punje ya mchele uliolowekwa. Mimi nilidhani ni kubwa. Bi Hanh akalizungushia mchele wa kunata, choroko na ndizi mbivu, akalifunga kwa jani la mgomba, akakaza kwa kamba, akalitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa inatokota uani. Akasema ndiyo mikate yao ya sikukuu, huchemka muda mrefu sana. Ukiiva mkate huu, Tet imekwisha. Aliyefungiwa ataula kwanza, ndipo atalisikia neno.

Kisha akanipa bahasha nyekundu. Kwao bahasha hiyo hutiwa pesa ya baraka. Yangu ilikuwa na tabasamu. Nikalivaa. Lilikuwa limetengenezewa mtu mwingine, likanibana mashavu.

Sasa niko uani nailinda sufuria. Uani si uani tena, ni ghala langu la Newala, ila mizani imechanua maua ya manjano ya mwaka mpya. Naiuliza sufuria kama inaweza kuchelewa kidogo.

"Nitie maji baridi," inasema. "Kila ukinitia, naanza upya."

Natia. Jua linarudi nyuma. Natia tena, inakuwa asubuhi ya siku ya kwanza, na Bi Hanh anatukaribisha upya kwa maneno yale yale. Nikaona mambo si ndiyo haya. Naweza kukaa humu mpaka nizeeke, nimevaa tabasamu, na mke wangu hajasema kitu.

Ndani, Somoe anacheza kamari ya dadu na wanawake wa nyumba ile, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kanga. Kicheko kile sijakisikia nyumbani kwangu. Nikawachukia wote waliomo, nikiwa natabasamu.

Akaja mlinzi wa jiko, amepanda samaki mkubwa mwekundu, wote wawili wanachuruzika maji. Kwao kila jiko lina mlinzi wake, na mwisho wa mwaka hupanda juu mbinguni kutoa taarifa ya nyumba. Huyu alikuwa wa jiko letu. Nikamuuliza amesema nini huko.

"Nimesema kuna mwanamke anapika, halafu anakula peke yake."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwemo kwenye taarifa," akasema, na samaki wake akatazama pembeni kwa aibu.

Ndipo maji yakaisha. Nikachukua ndoo nikakimbilia bombani, bomba lile lile la mtaani kwetu, ambalo watu wa Newala tunajua lilivyo na shida. Lilikuwa limekaa kwenye kiti limekunja nne, limevaa nguo mpya za sikukuu. Nikaliomba ndoo moja tu.

"Wewe ni nani?" likaniuliza.

Nikajitaja. Nikataja mtaa, nikataja nyumba, nikataja mpaka rangi ya mlango.

"Nyumba hiyo naijua," likasema. "Lakini anayekuja hapa ni Somoe. Wewe sijawahi kukuona."

Likajifunga.

Niliporudi na ndoo tupu, sufuria ilikuwa imenyamaza. Bi Hanh ameuweka mkate mezani, amefungua jani, anaukata kwa kamba yake yenyewe, kama wanavyofanya kwao. Somoe amesimama karibu naye. Hacheki tena, wala hajanuna. Ananitazama kama mtu anayesubiri mgonjwa anywe dawa.

Ufagio uliokuwa umefungwa nyuma ya mlango ukajifungua, ukaanza kazi. "Samahani, baba," ukaniambia kwa adabu, ukanisukuma pamoja na maganda ya mbegu za tikiti. Bi Hanh akanitia kipande mdomoni nikiwa naelekea kizingitini.

Nikaamka. Upande wa Somoe kitandani ulikuwa wa baridi. Nje ufagio ulikuwa unakwenda, polepole, kutoka mlangoni kuelekea barabarani. Mashavu yalikuwa yananiuma.

Akaingia, akausimamisha ufagio ukutani. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Baba Asumini, kaa kwanza. Nina neno."

Nikamwambia acha nikateke maji, jua halijawa kali. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na shida ya kweli ya kwenda mahali.

"Ndoo zimejaa," akasema. "Na pipa pia. Nimekutekea ya wiki nzima."

Nikakaa. Ulimi ukagusa kitu nyuma ya jino la mwisho, kidogo, kinanata. Jana nilikula ugali na kisamvu. Nikakitafuna. Kilikuwa wali, na utamu wa ndizi mbivu.

Nikameza.

"Haya, sema," nikamwambia.