Gunia la Fundi

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Shemeji yangu, mume wa dada, aliniambia, tena kwa barua ya Kiingereza. Miaka kumi na minane namtengenezea fanicha kwenye karakana yake, tunataniana kwa Kiswahili, halafu siku ya kunitupa anageuka Mzungu. Niliondoka na aproni yangu mwilini.

Binti yangu, mwalimu wa Kiingereza, alinisomea. "Anasema mikono yako imezeeka, baba. Neno alilotumia ni 'sack'."

"Hilo si gunia?"

"Ndilo. Inasemekana zamani huko Uingereza fundi alikuja kazini na zana zake ndani ya gunia, akalikabidhi kwa tajiri. Akifukuzwa, anarudishiwa gunia lake. Basi gunia likawa ndiko kufukuza."

Nilimaliza chai yangu taratibu. Kumbe. "Mimi la kwangu sijarudishiwa," nikasema, nikachukua gunia tupu jikoni.

Karakanani kulikuwa na meza ya hoteli, ya watu ishirini, niliyoipaka gundi asubuhi ile ile kabla ya barua. Klempu kumi na mbili, vile vyuma vya kubania mbao, zilikuwa zimeikamata, na zilitakiwa kukaa hadi kesho. Meneja wa hoteli alikuwa njiani kuja kuitazama. Akiipenda, fanicha za hoteli nzima ni za shemeji. Na klempu zote ni zangu.

"Nimefuata vitu vyangu," nikasema, nikalegeza ya kwanza.

"Shemeji, ngoja gundi ikauke. Sisi ni ndugu."

"Undugu huo ungeuandika kwenye barua."

Sitaficha, nilisikia raha. Kwenye klempu ya saba zile mbao, nilizomwambia bado mbichi akanipuuza, zikaanza kuachana. Hapo iliniuma, maana kazi nzuri kama ile sijapata kuifanya. Nikaendelea hadi ya kumi na mbili.

Shemeji akailalia meza kifudifudi, mikono imezibana mbao huku na huku, gundi inamchuruzika viganjani. Ndivyo meneja alivyomkuta. Akamtazama yeye, akanitazama mimi na gunia begani.

"Fundi wa meza hii ni nani?"

Shemeji akaniangalia kwa macho ya kuomba.

"Hana fundi," nikasema. "Alimfukuza saa tatu asubuhi."